Feni ya Rejeta na Kivuko cha Likoni

Kila chombo kiendeshwacho kwa moto kina adui mmoja, naye ni moto uleule ukiendeshao. Injini ya gari hupata nguvu zake kwa kuchoma mafuta ndani ya tumbo lake, lakini joto lote la mafuta hayo haligeuki kuwa mwendo. Kwa makadirio ya mafundi, thuluthi moja au pungufu yake husukuma magurudumu. Thuluthi ya pili hutoka pamoja na moshi. Na thuluthi ya tatu huingia katika chuma cha injini. Joto hili la tatu lisipoondolewa, chuma hutanuka, mafuta ya kulainisha hupoteza utelezi wake, kichwa cha injini hupinda, na mali iliyokusanywa kwa miaka mingi huharibika kwa dakika chache. Wazee wetu walisema ya kuwa maji ya moto hayachomi nyumba. Methali hiyo ni kweli kwa nyumba, lakini mwenye gari asiitegemee.

Insha hii ni habari ya kifaa kidogo kilichowekwa kuilinda injini na hatari hiyo, yaani feni ya rejeta. Hasa ni habari ya swali moja ambalo mafundi wa mataifa mbalimbali wamelijibu kwa namna mbalimbali kwa muda wa zaidi ya miaka 120: feni hiyo ipokee amri kwa nani? Huenda mwanafunzi akadhani kuwa swali kama hilo ni la Ujerumani au la Marekani, nchi zilizotangulia kutengeneza magari. Sivyo. Ni swali la Kwale vilevile, na njia itokayo Mombasa kwenda pwani ya kusini hulifundisha vizuri kwa kila mwenye macho.

Gari litokalo kisiwani Mombasa kwenda Ukunda, Diani, Msambweni au Lunga Lunga kwa njia ya zamani hupata majaribu matatu. La kwanza ni kivuko cha Likoni. Mlango wa bahari pale si mpana, hupata kama nusu kilomita tu; lakini gari huweza kungoja zamu yake kwa muda mrefu, likisogea kidogo na kusimama, juani, injini ikinguruma, bila upepo wa mwendo kupita mbele yake. La pili ni nchi tambarare ya kutoka Likoni kupita Waa, Kombani na Tiwi mpaka Ukunda, na kuendelea mpaka Gazi na Msambweni. Huko gari huenda mbio, na upepo huingia wenyewe katika rejeta. La tatu ni kilima. Gari liachalo barabara kuu pale Kombani na kushika njia ya Golini hupanda kutoka karibu na usawa wa bahari hadi mji wa Kwale, ulio juu ya vilima vya Shimba kwa kiasi cha mita 400. Katika kupanda huko injini hufanya kazi nyingi huku mwendo wa gari ukiwa mdogo. Barabara ya Dongo Kundu, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018, imewapa baadhi ya wasafiri njia ya kuepuka feri. Walakini haikuliondoa jua wala kilima.

Atazamaye majaribu hayo matatu ataona jambo la kustaajabisha. Gari haliteswi sana na joto linapokwenda mbio barabarani, ijapokuwa hapo ndipo injini inapochoma mafuta mengi. Huteswa zaidi linapojikokota na linaposimama. Mnyama aliyechoka hupumzika akisimama. Injini inayonguruma hali imesimama haipumziki, bali hupikika.

Kabla ya gari la kwanza kuonekana, watu wa pwani walikuwa wamekwisha kujua njia mbili za kupoza. Walijua mtungi wa udongo, ambao hutoka jasho la maji pande zote, na jasho hilo likigeuka kuwa mvuke huchukua joto na kuyaacha maji ya ndani yakiwa baridi. Walijua pia kuijenga nyumba ili ipokee upepo wa kusi na wa kaskazi, maana upepo upitao huchukua joto na kwenda nalo. Njia ya kwanza ni ya mvuke. Njia ya pili ni ya upepo. Historia ya kupoza injini ilianza kwa njia ya mtungi, ikaja kutegemea njia ya upepo.

Mjerumani Karl Benz alipewa hati ya kumiliki uvumbuzi wa gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886. Gari hilo halikuwa na rejeta wala feni. Maji yaliizunguka silinda moja ya injini, yakachemka, mvuke ukaenda zake, na dereva akaongeza maji mengine. Mwezi wa Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, alilichukua gari la namna hiyo pamoja na wanawe wawili, akasafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa kilomita zaidi kidogo ya 100. Safari hiyo husifiwa kwa ushujaa wake, nayo yastahili sifa. Lakini katika habari zake limo jambo ambalo dereva wa nchi yoyote ya joto atalitambua mara moja, nalo ni kusimama njiani tena na tena kutafuta maji. Injini yao ilikunywa maji kama ngamia, ila haikuweza kuyaweka akiba kama ngamia.

Ilikuwa dhahiri ya kuwa gari halitafika mbali likiwa linamwaga maji yake hewani. Ilipasa maji yaleyale yatumiwe tena: yatoke katika injini yakiwa moto, yapozwe mahali fulani, kisha yarudi. Mahali hapo pa kupozea ndipo palipoitwa rejeta. Fundi Wilhelm Maybach, aliyefanya kazi na Daimler huko Cannstatt, aliitengeneza rejeta iliyogeuza mambo. Katika gari la Mercedes la nguvu za farasi 35, lililotolewa mwishoni mwa mwaka 1900, aliunga vijibomba vidogo 8,070 vya pembe nne, vikapangwa kama sega la nyuki. Hewa ilipita ndani ya vijibomba, maji yakapita katika nafasi nyembamba zilizo baina yake. Kwa sababu maji yaligusana na chuma chembamba kingi, na chuma hicho kikaguswa na hewa nyingi, maji yaliyohitajiwa yalipungua hadi lita 9 tu. Nyuma ya sega hilo Maybach aliweka feni. Alijua ya kuwa rejeta ni nyumba yenye madirisha, na madirisha hayana faida siku ambayo upepo hauvumi. Gari likienda polepole, feni hiyo ingeleta upepo ambao mwendo haukuweza kuuleta.

Basi feni ilizaliwa kwa ajili ya mwendo wa polepole. Neno hilo yafaa likumbukwe, kwa maana namna iliyoenea ya kuizungusha ilisahau sababu ya kuzaliwa kwake. Magari mengi ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, pamoja na Ford ya namna T iliyotengenezwa tangu mwaka 1908 hadi 1927, yalizungusha feni kwa mkanda uliofungwa katika injini yenyewe. Njia hii ina sifa zake. Ni rahisi, haina waya, na kila fundi aweza kuiona na kuielewa. Lakini humpa amri asiyestahili kuamuru. Mkanda haujui joto. Hujua mzunguko wa injini tu. Injini ikizunguka polepole katika foleni, feni nayo huzunguka polepole, wakati uleule ambapo upepo wahitajiwa sana. Injini ikienda mbio katika barabara ya Msambweni, feni nayo huenda mbio, wakati ambapo upepo wa njiani umekwisha kutosha.

Hasara yake yaweza kupigwa hesabu. Nguvu za kuzungusha feni huongezeka kwa kuzidisha mwendo wake mara tatu. Maana yake ni kwamba feni ikizungushwa kwa mwendo maradufu, hudai nguvu mara 2 × 2 × 2, yaani mara 8. Injini iliyosimama katika foleni huzunguka kama mara 800 kwa dakika. Ikienda mbio huweza kuzunguka mara 4,000, yaani mara 5 zaidi. Feni iliyofungwa kwa mkanda ingedai basi nguvu mara 5 × 5 × 5, yaani mara 125 ya zile ilizodai penye foleni. Nguvu hizo hulipwa kwa mafuta, na mafuta hulipwa kwa fedha. Mwenye gari la namna hiyo ni kama bwana amlipaye mpepeaji mshahara mkubwa kabisa wakati wa kusi, na kumnyima chakula wakati wa jua kali.

Madereva wa zamani walijaribu kuliponya kosa hilo kwa akili zao wenyewe. Wengine walining'iniza mfuko wa turubai uliojaa maji mbele ya gari, mfuko ambao hutoka jasho kama mtungi, wapate maji baridi ya kunywa na ya kuongeza katika rejeta. Katika nchi za baridi walifunika rejeta kwa pazia na kulifunua injini ilipopata moto. Hapo mwenye kutoa amri alikuwa mtu. Lakini mtu husinzia, huzungumza na wenzake, hutazama njia na kusahau geji. Ilitakiwa amri hiyo apewe mwingine asiyesinzia, na huyo hakuwa mwingine ila joto lenyewe.

Hatua moja kubwa ilifanywa katika miaka ya 1930, Sergius Vernet alipobuni thamostati ya nta huko Marekani. Nta iliyofungiwa ndani ya kikombe kidogo cha shaba huyeyuka ifikapo kiasi fulani cha joto, hutanuka, na kusukuma kijiti kifunguacho mlango wa maji. Maji yakiwa baridi mlango hufungwa, na injini hupata moto upesi. Maji yakiwa moto mlango hufunguka, yakaenda katika rejeta. Hapana mtu aliyeuamuru mlango huo. Hata hivyo thamostati ilitawala maji tu. Upepo ulibaki chini ya utawala wa mkanda.

Katika Afrika ya Mashariki watu waliziona njia mbili za kutawala upepo katika yale mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Gari lililoshinda mwaka huo lilikuwa Volkswagen, ambalo lilishinda tena mwaka 1954, 1957 na 1962. Halikuwa na rejeta wala maji. Injini yake ilipozwa kwa upepo mtupu wa feni kubwa iliyozungushwa kwa mkanda. Lakini upepo huo haukuachwa hivi hivi. Thamostati ndogo yenye umbo la kinanda cha mkono, inayotanuka kwa joto, ilifungua na kufunga njia za hewa. Gari jingine lililopata sifa lilikuwa Peugeot 404, lililoanza kuuzwa mwaka 1960 na kushinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Hilo lilikuwa na maji na rejeta, na feni yake ilizungushwa kwa mkanda. Lakini baina ya mkanda na feni palikuwa na sumaku ya umeme. Maji yakipata moto, swichi ya joto iliipa sumaku umeme, sumaku ikaishika feni, feni ikazunguka. Maji yakipoa, sumaku iliiachilia. Hapo ndipo joto lilipopewa nafasi ya kuiamuru feni, ijapokuwa nguvu za kuizungusha zilikuwa bado ni za injini.

Hatua iliyobaki ilikuwa kuitenga feni na injini kabisa, nayo ililetwa na haja nyingine. Waunzi wa magari madogo walitaka kuilaza injini ikingame upande kwa upande, ili abiria wapate nafasi. Injini ikikingama hivyo, kichwa cha mkanda wake hutazama gurudumu, hakitazami rejeta iliyo mbele. Dante Giacosa, mhandisi wa Fiat, alilikata shauri hilo katika gari la Autobianchi Primula la mwaka 1964, na tena katika Fiat 128 ya mwaka 1969: rejeta ilibaki mbele, na nyuma yake ikawekwa feni yenye mota yake ya umeme, ikiamriwa na swichi ya joto. Njia hiyo ikaenea duniani. Magari madogo mengi tunayoyaona leo katika foleni ya Likoni yana feni ya ukoo huo, ambayo huweza kwenda kwa nguvu zake zote hali injini iko katika mzunguko wake mdogo kabisa. Feni imerudi katika kazi aliyoizaa Maybach.

Sasa twafika katika sehemu ituhusuyo zaidi, yaani magari yaliyojengwa na watu wa nchi hizi. Watu wa Afrika ya Mashariki hawakukaa na kungoja magari ya kuletwa tu. Huko Kibaha, katika Mkoa wa Pwani wa Tanzania, shirika la Nyumbu lilianza kazi ya kuunda magari chini ya jeshi katika miaka ya 1980. Nchini Kenya, mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kijenge gari, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa kwa watu. Yalijengwa matano ya majaribio, yakaweza kufika mwendo wa kilomita 120 kwa saa; lakini fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Katika karne hii, Mwingereza Joel Jackson alianzisha kampuni ya Mobius ili kujenga gari gumu na la bei nafuu kwa barabara mbaya za Kenya. Baada ya miaka kumi na zaidi ya juhudi, kampuni hiyo ilitangaza mwaka 2024 kwamba inafunga kazi. Sababu za kufifia kwa kazi hizi zilikuwa za fedha na biashara zaidi kuliko za ufundi, nasi hatupaswi kuzicheka. Kila moja iliacha mafundi waliokwisha kujua jambo ambalo kitabu peke yake hakiwezi kufundisha.

Jambo hilo ni hili. Kiwanda kikubwa kikijenga gari, huzipatanisha sehemu zake: injini ya ukubwa fulani, rejeta ya eneo fulani, feni ya nguvu fulani, na swichi ya joto iliyochaguliwa kwa hizo tatu. Fundi ajengaye gari lake mwenyewe katika gereji ya Ukunda au Msambweni aghalabu hutumia injini ya gari moja, rejeta ya gari jingine, na feni ya gari la tatu. Mapatano ya kiwandani yamevunjika. Hana budi kuyafanya mapatano mapya yeye mwenyewe, na mahali pa kuyafanyia ni katika utawala wa feni.

Kwanza azipange amri kwa utaratibu wa joto. Thamostati nyingi hufunguka baina ya nyuzi 82 na 88 za Selsiasi. Feni ianze juu ya hapo, tuseme penye nyuzi 95, na isimame penye nyuzi 90. Ikiwa ataiamuru ianze penye nyuzi 80, chini ya kiasi cha thamostati, feni haitalala kamwe, kwa sababu thamostati haitayaacha maji yapoe kufikia hapo. Na baina ya kuanza na kusimama lazima iwepo nafasi ya nyuzi chache. Bila nafasi hiyo feni itawaka na kuzimika kila mara, na swichi yake haitadumu.

Pili azingatie mahali pa kuweka kihisi joto. Maji yatokayo katika injini ni ya moto kuliko yale yaliyokwisha kupita katika rejeta. Basi swichi iliyofanywa kwa upande mmoja ikiwekwa upande mwingine itatoa amri mapema mno au kwa kuchelewa. Tena kihisi kizame ndani ya maji yenyewe. Kikibaki katika mvuke au hewa kwa sababu maji yamepungua, kitatoa habari za uongo, na feni itatulia huku injini ikiungua.

Tatu, swichi ndogo ya joto isibebeshwe mzigo wa mota. Feni itumiayo ampea 15 za umeme wa volti 12 hudai nyingi zaidi katika nukta ya kuanza kuzunguka. Kwa sababu hiyo mafundi huweka rilei. Swichi hupeleka umeme kidogo kwa rilei, na rilei ndiyo ifunguayo njia ya umeme mwingi kutoka katika betri, kupitia fyuzi, mpaka katika mota. Ni kama mjumbe wa mji: yeye hubeba habari tu, na wenye nguvu hufanya kazi. Waya wa mota uwe mnene, na fyuzi iwe karibu na betri, ili waya ukichubuka usiliwashe gari moto.

Nne, hitilafu ielekezwe upande wa usalama. Penye utawala wa kompyuta, magari mengi ya sasa huiwasha feni mara kihisi kinapokatika, kwa kuwa feni izungukayo bure ni hasara ndogo, na feni isiyozunguka ni hasara kubwa. Mjenzi asiye na kompyuta aweza kuweka swichi ya mkono karibu na usukani, iwe ya akiba tu, pamoja na taa ya kumwonya dereva.

Tano, aijue nchi yake. Pwani ina neema moja ambayo wengi hawaijui: katika usawa wa bahari maji huchemka penye nyuzi 100, lakini Nairobi, iliyo juu kiasi cha mita 1,700, huchemka penye nyuzi 94 hivi. Kizibo cha rejeta chenye springi huyabana maji na kukipandisha kiasi hicho hadi karibu na nyuzi 120, kikiwa kizima. Lakini pwani hutoza kodi kwa njia nyingine. Hewa yake yenyewe ni ya moto, hasa kabla ya mvua za masika, na upepo wa moto hupoza kidogo. Chumvi ya bahari hula mapezi membamba ya rejeta na viungo vya waya. Na maji ya visima vya nchi ya matumbawe, kama ile ya Diani, huwa na chokaa, na pengine chumvi. Yakitumiwa katika rejeta huacha ukoko ndani ya vijibomba kama ule wa birika, na hapo feni itapepea chuma kisichoweza tena kupitisha joto. Maji safi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu ni bora, ijapokuwa yana gharama.

Iko desturi mbili zilizoenea katika gereji nyingi, nazo zastahili kusemwa kwa heshima, kwa sababu zilizaliwa na shida. Moja ni kuing'oa thamostati na kuitupa. Ya pili ni kuifunga feni moja kwa moja na swichi ya kuwashia gari, izunguke tangu asubuhi hadi jioni. Fundi afanyaye hivyo huwa amemwona mteja wake akikwama kwa sababu ya kifaa kilichokufa, naye huona afadhali kifaa kisiwepo. Lakini injini isiyo na thamostati huenda baridi asubuhi na kila iteremkapo kilima, huchoma mafuta kupita haja na kuchakaa mapema. Na katika injini za namna nyingine, thamostati ikiondolewa, baadhi ya maji ya moto huizunguka injini bila kwenda katika rejeta, hata ugonjwa ukazidi. Feni isiyolala nayo huimaliza mota yake na kuitwika mzigo alteneta, kisha hufa kimya kimya, na mwenye gari huijua habari ya kifo chake pale Likoni, katikati ya foleni, mvuke unapopanda. Kibaya zaidi ni kwamba feni hiyo humficha mgonjwa. Feni iwakayo na kuzimika kwa wakati wake humwambia dereva hali ya maji. Ile izungukayo daima haina la kusema.

Mjenzi aliyemaliza kazi yake na alipime gari kama foleni ya Likoni itakavyolipima. Alisimamishe juani saa sita za mchana, injini ikizunguka, naye atazame geji. Joto litapanda, bomba la juu la rejeta litapata moto, ishara ya kuwa thamostati imefunguka, feni itaanza, joto litashuka, feni itasimama. Mambo hayo yakirudia mara tatu bila geji kupita alama, gari laweza kwenda kivukoni. Kisha alipandishe kilima cha Golini likiwa na mzigo, afike Kwale, atazame tena. Na ikitokea maji yakachemka, asikifungue kizibo mpaka injini ipoe, kwa maana maji yaliyobanwa hadi nyuzi 110 hugeuka mvuke mara yapatapo njia, na watu wengi wameunguzwa uso na mikono kwa haraka ya dakika moja.

Wako wasemao ya kuwa habari hizi zitakwisha karibuni, kwa sababu magari ya umeme yamekuja. Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari lake la Kiira EV mwaka 2011, na mabasi ya umeme yamekwisha kuonekana katika miji ya Kenya. Lakini betri nayo hupata joto ipewapo na itoapo umeme, nayo huharibika ikipikwa. Magari mengi ya umeme yana maji, rejeta na feni kwa ajili yake. Mota imebadilika, jua la pwani halikubadilika.

Katika habari hii yote, tangu gari la Bertha Benz hadi gereji ya Msambweni, feni ilibadilisha watawala watatu: mkanda, uliojua mbio tu, mtu, aliyejua lakini akasahau, na joto, lenye haja yenyewe. Utawala wa tatu ulishinda kwa sababu aliyeumwa ndiye aliyepewa ruhusa ya kuita mganga. Lakini nyuzi ambazo joto litaita, na nguvu za feni itakayoitika, hazikuandikwa popote kwa ajili ya gari lililojengwa Kwale. Huandikwa na fundi wa Kwale, aliyesimama katika foleni ya Likoni na kutazama geji.